Kasemaje?

Banda la baba lilikuwa pale wanapouza viazi sasa,
chini kidogo ya stendi ya Tukuyu, mabanzi ya mlingoti
yaliyotobolewa na misumari, na na macho ya watoto wasio na mia mbili.
Mabenchi kumi na moja. La kumi na mbili lilivunjika
siku yule jambazi alipofufuka
na watu wote wakasimama pamoja, kisha wakakaa pamoja.

Mvua ya Rungwe unaijua, haibishi hodi.
Ikishukia bati, hata jenereta husikii,
midomo kwenye kioo inacheza bila neno,
na hapo swali linaanza kutambaa benchi hadi benchi:
"Kasemaje?"
Anyosisye fundi baiskeli,
asiyejua Kihindi hata cha kuombea maji,
hakusita: "Kasema atarudi kulipa kisasi cha mama yake."
Benchi la sita lilipokea deni badala ya kisasi.
Mlangoni ilifika: mama yake anadaiwa.
Tulitoka na filamu tatu kwa kiingilio kimoja.

Mama hakuwahi kuingia.
Alikaa nje na beseni la maandazi, mgongo kwenye mabanzi,
akihesabu risasi kwa masikio.
Wanawake wa kuingia mle walikuwa na jina lao, na halikuwa zuri.
Miaka kumi na minne ya filamu aliisikia
kama mtu anavyosikia ugomvi wa jirani.

Siku hizi saa sita ikigonga, bando la usiku linafunguka
na nyumba yetu inawaka samawati vyumba vinne.
Lusekelo yuko sehemu ya tisa.
Tupokigwe yuko ya kumi na moja, amekatazwa kufungua mdomo.
Asubuhi tunakunywa chai kwa tahadhari:
usinihadithie, usinimalizie.
Zamani tulihadithiana ndipo tukaona.

Baba anazichukia zile sekunde tano.
"Mimi nilikuwa nazima jenereta," anasema,
"natangaza: iliyobaki Jumamosi!
Mji mzima unabeba swali wiki nzima,
mashambani kwenye chai, kilabuni kwenye pombe,
hadi mzee wa kanisa ananivuta pembeni:
Ambakisye, hivi yule binti alipona?
Hiki kidude hakikuachii hata nafasi ya kukojoa.
Kinahesabu tano, nne,
kinaendelea chenyewe, kama mgeni anayejipakulia."

Mama hajibu.
Simu ameiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kula,
anamenya ndizi bila kuzitazama,
maganda mengine yanaangukia sufuriani.
Tajiri wa Kikorea amemkana mchumba wake mbele ya wazazi.
Mama anarudisha nyuma kwa kidole chenye utomvu.
Anaitazama tena ile sura. Anarudisha tena.
"Kumbe wakidanganya huangalia chini," anasema polepole.
"Miaka yote ile nilisikia sauti tu.
Nikawaamini wote."

Juzi mvua ilikuja na radi zake,
umeme ukaenda, na mnara wa kule mlimani ukaenda nao.
Kile kiduara kikazunguka,
kikazunguka kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni,
kikaganda.
Vyumba vinne vikawa giza moja.
Milango ikalia, mmoja, halafu mwingine,
miguu ikapapasa saruji kuelekea kwenye joto la makaa.

Mama akachomoa hedifoni.
Hakumuuliza mtu kwa jina:
"Kasemaje?"

Bati lilinguruma. Baba,
ambaye hajaitazama ile tamthilia hata dakika moja,
akavuta kigoda, akasafisha koo
kama zamani kabla ya kuwasha mashine:
"Kasema mama yake anadaiwa."

"Ugwe," mama akasema,
"hebu washeni tochi
nimwone usoni."